Nabwire, Weka Simu Chini

Mundika, jioni ya kuamkia safari

Kwako Nabwire, mwenyekiti wa kila mtu isipokuwa tumbo lako mwenyewe,

Kwanza kaa. Najua unasoma hii umesimama, mguu mmoja ndani mmoja nje, na simu umeibana kati ya sikio na bega. Kaa chini kwanza. Nimeandika kwa mkono, tena kwa kalamu ya kweli. Mara ya mwisho mimi kuandika kitu kirefu hivi nilikuwa kidato cha pili, na mwalimu alikisoma mbele ya darasa akicheka mpaka akavua miwani. Ni wivu tu ulikuwa unamsumbua. Mwandiko wangu hata leo unawashinda madaktari wote wa Busia, na wao walimaliza shule.

Mambo ya blanketi, neti ya mbu na usikubali chakula cha kila mtu, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na bado hajafika katikati. Mimi na blanketi hatuna uhusiano. Shida yangu ni wewe. Umenichosha, Nabwire. Umenichosha mpaka nimeshika kalamu.

Jana jikoni nilikuuliza swali moja dogo tu. Ulikuwa unakula ugali umesimama kama askari wa geti. Nikasema, "Hii kabambe unamwachia nani?" Nilimaanisha hiyo simu ndogo, ambayo kila kuchu, kama mnavyojiita watu wa kundi lenu, mwenye shida kuanzia Tororo mpaka huku ana namba yake. Ukaniangalia kama nimekuomba figo.

"Simwachii mtu."

"Unaenda Kisumu kuongoza watu wa magharibi yote, na bado unataka kubeba simu ya Busia?"

"Baba, mtu akivuka mpaka usiku na hana pa kulala, atampigia nani?"

"Apio."

"Apio ana mtoto."

"Na wewe una mama. Una mimi. Una malaria ambayo dawa yake hujamaliza."

"Huelewi, Baba. Watu watakufa."

Ukatoka. Ukaacha samaki nusu kwenye sahani, samaki ambaye mama yako alimwagiza kutoka Budalang'i kwa ajili yako, na mimi nikalazimika kummaliza kwa hasira. Alikuwa mtamu sana. Hiyo haipunguzi hasira.

Ati sielewi. Haya, wacha nikwambie ninachoelewa.

Naelewa ile siku uliyoniambia. Nilikuwa naosha pikipiki hapo nje. Ulikuja ukasimama karibu na ndoo, hukusalimia, ukasema tu, "Baba, mimi napenda wanawake."

Nikasema, "Hata mimi."

Ukaanza kulia. "Si mzaha, Baba."

"Nani anafanya mzaha? Mama yako anajua?"

"Mama ndiye amenituma. Amesema nianze na wewe kwa sababu wewe ndiye mwoga."

Mimi, Wandera, mwoga! Niliinama nikaendelea kusugua tangi la mafuta, mahali pale pale, huku nikitafuta neno la kukwambia. Nilisugua mpaka nembo ya kampuni ikabanduka. Mpaka leo pikipiki hiyo haina jina, na watu wakiniuliza ni aina gani nawaambia ni aina ya Nabwire.

Naelewa pia vile kundi lenu lilianza. Mlikuwa watu wachache tu kwenye kile chumba nyuma ya cherehani ya Apio. Mlikuwa mnakunywa chai, mnacheka, mlango umefungwa. Kisha sheria ya ng'ambo ya mpaka dhidi ya watu kama nyinyi ikakazwa, wenzenu wakaanza kuvuka. Wengine walipita darajani na vitambulisho vyao kama watu wanaoenda sokoni, wengine wakapita kwenye mahindi, zile njia za panya ambazo sukari ya magendo hupitia. Na huku kwetu nako, kama vile watu walikuwa wameambizana, mhubiri wa soko akanunua spika kubwa zaidi, wenye nyumba wakaanza kuuliza nani analala na nani, na wale wafadhili waliokuwa wanakuja na magari marefu kupiga picha na nyinyi wakaacha kujibu hata salamu. Kila kitu kikaja kugonga kwako siku moja, na wewe, kwa sababu una kichwa kigumu kama cha mama yako, ukafungua. Nimeona kwa macho yangu mtu amefika hapa miguu mitupu akaondoka na viatu. Viatu vyangu, Nabwire. Vile vya kahawia. Ulidhani sikuona.

Kwa hivyo usiniambie sielewi. Pale steji ya boda mwenzangu Ouma aliniuliza mbele ya watu, kwa ile sauti yake ya kutafuta kicheko, "Wandera, huyo binti yako ataolewa lini?" Nikamwambia, "Ataoa yeye, na wewe utabeba viti." Watu walicheka mpaka wateja wakaogopa kupanda. Mdomo sijawahi kukosa. Usingizi ndio nakosa, kwa sababu yako.

Sasa sikia habari ya huyo Ouma, maana wewe unaijua vile mama yako anavyoisimulia tu.

Ulikuwa shule ya msingi bado, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa steji ya boda pale karibu na mpaka. Kijana mdogo kuliko karibu wote, lakini walinichagua, unajua kwa nini? Mdomo. Na nilikuwa mwenyekiti mzuri! Pikipiki ya mtu ikishikwa na polisi, mimi. Mtu akigombana na mke wake, mimi. Mtu akianguka na abiria njia ya Alupe, mimi ndiye wa kwanza kufika, mimi ndiye wa kuongea na familia, mimi ndiye wa kumshika miguu tukimbeba hospitali. Mweka hazina alikuwa mtu mzima na akili zake, lakini sikumwacha aende kituo cha polisi peke yake hata siku moja. Nilikuwa nasema, "Mimi nisipokuwepo, hii steji itaanguka." Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti, watu wakisikia.

Nyumbani nilikuwa naingia nimenuna. Mama yako akiniuliza chakula kimekosa chumvi au vipi, namjibu kama yeye ndiye polisi. Siku moja nilimfokea mbuzi. Kweli. Nilisimama hapo nje nikamwuliza mbuzi kwa nini hanipi heshima. Wewe ulikuwa dirishani na ukaenda ukamwambia mama yako, "Baba anafanya mkutano na mbuzi."

Basi mchana mmoja, jua kali, nililala juu ya pikipiki. Nililala chali juu ya kiti, miguu kwenye mpini, kama vile sisi hulala. Nililala usingizi wa mtu aliyekufa. Na hao washenzi wakafanya uchaguzi. Hapo hapo, wamenizunguka, wakinong'ona ili nisiamke! Nilipofungua macho Ouma alikuwa mwenyekiti. Nikauliza, "Kuna nini?" Wakasema, "Pole mzee, hatukutaka kukusumbua, ulikuwa unakoroma vizuri."

Nilienda nyumbani nikangoja steji ianguke. Sikurudi kwa siku nyingi. Nilinunua miwani ya jua, nikaazima pikipiki ya mtu mwingine, nikapita pole pole nione vile inaanguka. Haikuwa imeanguka. Walikuwa wameweka paa la mabati, Nabwire! Kile kivuli nilichokuwa nawaahidi tangu nichaguliwe. Wanaume walikuwa wamekaa chini yake wanakunywa soda. Muda wote huo mabati yalikuwa yamekwama kwa sababu kila kitu kilikuwa lazima kipite kwangu, na mimi sikuwa na nafasi. Niliongeza mafuta nikatoroka kabla hawajanitambua. Walinitambua, bila shaka. Ouma alinipungia mkono.

Sasa najua utafungua mdomo. Utasema, "Baba, usilinganishe. Pale steji hakuna mtu anafukuzwa na jirani zake kwa sababu ya vile alivyo." Ni kweli. Mzigo wako ni mzito kuliko wangu, nakubali, na unajua mimi kukubali kitu ni nadra. Lakini ndiyo maana nakasirika zaidi! Mtu mwenye mzigo mwepesi anaweza kubeba vibaya akafika. Wewe utabeba vibaya uanguke.

Na ulianguka. Tusijifanye hukuanguka. Ulikuwa katikati ya soko la Busia, mkono mmoja na viazi, mwingine na simu, ukaenda chini. Mama wa nyanya akakumwagia maji ya kuoshea nyanya. Walikupeleka hospitali na maji yakawa yanaingia kwa mshipa, na daktari akaniuliza, "Huyu anakula?" Nikamwambia hapana, anahudhuria mikutano.

Hapo ndipo kuna kitu hujaambiwa. Mimi na Apio tulikubaliana tukufiche, na leo navunja makubaliano kwa sababu huachi kusema kwamba Apio, ile siku ulipolazwa, alimpokea mgeni kwa kubahatisha tu.

Kabambe yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nje ya wodi kwenye ile benchi. Ikalia.

"Dada Nabwire?"

"Hapana. Baba yake."

Ikakatika. Kidogo ikalia tena. Sauti ya mwanaume mzima, anaongea chini chini. "Baba yake kabisa?"

"Baba kabisa, wa kumzaa. Uko wapi?"

"Malaba. Huku kwa malori."

"Ngoja hapo hapo."

Sikumwambia mama yako. Sikumwambia mtu. Niliwasha pikipiki na wewe unajua mimi barabara ya Malaba naijua kama mdomo wangu. Nilipita Amukura watu wakauliza ni nini hicho kimepita. Njiani nilikuwa najisemea, Nabwire hufanya kazi hii kama ni ngumu, kumbe ni kubeba abiria tu.

Nilifika. Matrela yamepanga foleni kama kawaida, wabadilisha pesa, wamama wa ndizi, kelele. Na mkono wangu ukafanya kile unachojua. Wewe umezaliwa hapa, unajua desturi yetu ya mpakani. Mteja ni wa yule aliyeshika begi kwanza. Haulizwi anaenda wapi. Begi likipanda kwa pikipiki yako, mwenye begi atafuata. Basi nikaona mtu amesimama karibu na gurudumu la trela, begi begani, anaangalia simu, anaangalia watu, anaangalia simu. Nikajua ndiye. Nikapaza sauti ya steji, "Wa Nabwire! Wa Nabwire ni huyu?" Nikavuta begi, pwa, juu ya tangi.

Yule mtu alikimbia, Nabwire. Alipita chini ya trela kama paka. Nilibaki na begi.

Kisha mtu mmoja akasema, "Huyo mzee ameiba begi." Mwingine akasema "Mwizi" kwa sauti ya kawaida tu, kama anajaribu neno. Unajua hilo neno hapa kwetu likisemwa mara ya pili kinachofuata ni nini. Vijana wa boda wa Malaba, ambao hawajawahi kunipenda kwa sababu nawapita kila siku, wakaanza kusogea. "Mzee, begi ni la nani?" "La mgeni wangu." "Anaitwa nani?" Sikujua anaitwa nani! Mimi, mtu wa mdomo, nikatoa macho tu. Mama mmoja wa chapati ndiye aliniokoa. Akasema, "Mwacheni, mwizi gani anasimama na kutoa macho hivyo? Huyo ni mjinga tu." Sijawahi kufurahi kuitwa mjinga namna hiyo.

Nikampigia yule mgeni. Amezima. Nikataka kukupigia wewe, nikakumbuka simu yako ndiyo ninayo, na wewe una sindano mkononi. Nikaona jina la Apio, nikabonyeza.

"Nabwire?"

"Ni Mzee Wandera. Nabwire yuko hospitali, atapona. Niko Malaba, nilikuja kuchukua mtu wenu. Amekimbia."

"Amekimbia kwa nini?"

"Nilimshika begi."

Kisha akasema pole pole, "Mzee. Ulimshika begi."

"Nilimshika begi."

Alicheka huyo msichana! Mimi karibu nichomwe na yeye anacheka. Halafu akaacha, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliye kazini. "Usimtafute. Umesikia? Ukimtafuta ataenda mbali. Nunua chai, kaa mahali anaweza kukuona, begi liweke mbele yako, wazi. Usiguse zipu. Usipige simu ovyo. Akija usimuulize chochote."

"Nikae tu?"

"Kaa tu, mzee. Hiyo ndiyo kazi. Mimi nampigia mtu wa Tororo anayemjua, amwambie wewe ni nani. Chumba nakitayarisha."

Nikakaa kwa yule mama wa chapati. Nimewahi kufanya kazi ngumu, nimebeba friji kwa pikipiki mpaka Mundika mvua ikinyesha, nimebeba ng'ombe mdogo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa pale. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema, inuka, zunguka, fanya kitu, wewe ni Wandera. Nikanywa chai. Nikala chapati. Nikanywa chai nyingine. Madereva wa malori wakanizoea wakaanza kuniambia habari za wake zao. Na jua likawa linashuka, na begi lipo mbele yangu, na mimi nipo nyuma yake kama mtu anayeuza begi moja.

Alitoka nyuma ya trela ya mafuta. Alisimama mbali kidogo.

"Ssebo, bwana, naomba begi yangu. Kuna mashine yangu ya kunyoa ndani."

"Begi ndio hili. Kuna chai."

"Wewe si polisi?"

"Angalia pikipiki yangu. Polisi gani ataruhusu aonekane na hiyo?"

Hakucheka, lakini alikaa. Alikuwa mtu mzima, labda umri wangu, mikono laini ya kinyozi. Jina lake Kato. Alichukua begi kwanza, akaliweka kwa mapaja, ndipo akashika kikombe. Mimi sikuuliza kitu, na hiyo ilinichosha kuliko safari. Mwishowe akauliza yeye.

"Dada Nabwire mwenyewe yuko wapi?"

"Hospitali. Alianguka sokoni."

Akaweka kikombe chini. "Banange. Sasa yeye nani anamwangalia?"

Nabwire, huyu mtu alikuwa hajui atalala wapi. Alikuwa ameacha kiti chake cha kinyozi na kioo chake huko Tororo, ameondoka na alichobeba. Na hilo ndilo alilouliza. Na mimi baba yako, mwenye jibu la kila kitu, niliangalia chapati. Kwa sababu jibu la ukweli lilikuwa kwamba sisi wote tulikuwa tunakuangalia, kweli, lakini kwa ile maana ya kutazama. Kama vile watu hutazama mtu anayebeba gunia refu kichwani. Tunasema, "Aiii, huyo dada ana nguvu." Hakuna aliyeinuka kukutua.

Nilimpeleka kwa Apio. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, godoro lina shuka, uji uko motoni. Mtoto wa Apio alikuwa amelala mgongoni kwake na yeye anafanya yote hayo akiwa naye. Hakubahatisha. Alikuwa anajua kazi kama mimi ninavyojua barabara, na ameijua muda mrefu, ni wewe tu hujampa nafasi. Kato siku hizi ananyoa watu mahali ambapo sitapaandika hapa. Hiki kichwa changu ulichosifu wiki iliyopita ukasema nimependeza, ni yeye.

Na wewe ulipozinduka hospitali, neno la kwanza lilikuwa nini? Si "Baba". Si "maji". Ulisema, "Simu iko wapi?" Nikasema imezima. Ukanitukana, mgonjwa wewe, na sindano mkononi.

Hilo ndilo linanitoa akili. Wewe unayajua haya yote! Nimekusikia kupitia ukuta, unaongea na wenzako wa kaunti zingine kwenye mkutano wa simu, sauti tamu, "Jamani tujitunze, tupumzike, kazi hii ni ya miaka mingi." Na wakati huo unatetemeka homa, umejifunga leso ya mama yako kichwani. Nilitaka kubomoa huo ukuta. Kama wewe ni mwenyekiti na wanakuona hulali, hakuna mtu kati yao atalala. Wataona aibu. Unawafundisha kuanguka sokoni.

Halafu kuna yule mhubiri wa spika. Unakesha ukimjibu kwenye mtandao, yeye na wafuasi wake, tusi kwa tusi, mpaka majogoo. Unajua yeye analala saa ngapi? Anakaa karibu na kwa Ouma, nimeuliza. Kuku wakiingia, naye anaingia. Analala fofofo. Anaamka amenona, anachomeka spika, anaanza upya, na wewe uko hapo macho mekundu. Mimi hiyo siiti vita. Hiyo ni yeye kukufanya mlinzi wa usiku wa nyumba yake, bila mshahara.

Sikwambii uache. Watu wanaokuambia uache hawakujui, na mimi nikikuambia uache ningekuwa nakuambia uwe mtoto wa mtu mwingine. Naogopa, ndiyo. Mama yako alisema kweli. Kila ukichelewa kurudi naenda kusimama barabarani nikijifanya naangalia tairi. Lakini naogopa zaidi hii njia yako ya kuchoma vidole vyote kwa wakati mmoja ili watu waone mwanga. Kisumu watakuja wengi kuliko Busia. Watakuja na shida ambazo hutaweza kuzimaliza, na wengine hutawaokoa, Nabwire, na siku hiyo ikifika nataka uwe na mahali pa kukaa na mtu wa kukaa naye. Nataka uwe na mtu ambaye si mwanachama wa kitu chochote. Ukipata mwanamke mzuri mlete nyumbani, mama yako amechoka kuniangalia mimi. Ukikosa, cheza hata karata.

Na hiyo kabambe mwachie Apio. Si kwa sababu wewe ni dhaifu. Kwa sababu Apio anaweza, na mpaka umpe hataambiwa na mtu kwamba anaweza. Nilikuwa nimepanga nikwambie pia kwamba

Umeingia. Nimefunika karatasi na mkono na wewe umejifanya hujaona, asante. Una matope mpaka magotini, umetoka kwa Apio kwa miguu. Umekaa kwa Apio mchana mzima na sijui mmeongea nini, na sikuuliza, maana nimefundishwa.

Kila siku unaoga na hiyo simu. Unaifunga kwenye ule mfuko wa plastiki wa magendo kutoka ng'ambo na kuitundika kwenye msumari, na mara ngapi tumekusikia huko ndani ukisema "Hallo, uko upande gani wa daraja?" huku maji yanamwagika. Leo umeiweka hapa mezani, karibu na kiwiko changu. Ukasema, "Baba, ikilia shika. Naoga." Ukaenda, kama ni kitu cha kila siku.

Kesho asubuhi sijui utaibeba au utaiacha. Sikuulizi.

Imelia sasa hivi. Nimeshika. Ni mwanamke, amesema, "Nabwire?" Nikasema, "Anaoga. Mimi ni baba yake." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Tulinyamaza vizuri tu. Kisha akaniambia yuko wapi na anahitaji nini. Nimempigia Apio, na Apio akasema anavaa viatu kabla sijamaliza sentensi.

Maji ya moto yako nje ya mlango wa bafu, nimekuongezea ndoo nzima. Unaimba. Sauti ni yangu kabisa, yaani mbaya.

Oga polepole.

Baba yako,
Wandera